Graha Si Sayari

Mwezi ukiingia katika kivuli cha dunia, Mswahili husema umepatwa. Hasemi umefunikwa wala umezibwa. Umepatwa, kama mtu anavyopatwa na homa, na msiba, na mkasa: kuna kitu kimeufikia kikautia mkononi. Tarehe 1 Septemba 2016, watu walipomiminika Rujewa, mkoani Mbeya, kutazama jua likibaki pete ya moto, redio na magazeti yalitangaza kupatwa kwa jua kwa utulivu kabisa. Sikumsikia mtu akiuliza limepatwa na nani. Lugha ilikwisha kulijibu swali hilo zamani, kisha ikalisahau jibu lake yenyewe.

Kisanskriti hakijasahau. Kupatwa huko hukiita grahana, kutoka shina grah, yaani kushika, kukamata, kunyakua. Mshikaji naye anatajwa kwa jina: Rahu, kichwa kisicho na kiwiliwili. Kisa chenyewe ni kwamba Rahu alijipenyeza katikati ya miungu akaonja kinywaji cha uzima wa milele. Jua na mwezi wakamchongea. Vishnu akamkata shingo kabla funda halijashuka. Kichwa kikabaki hai, na tangu hapo kinawawinda wachongezi wake wawili. Kinawameza, nao wanatokea shingoni, kwa kuwa hakuna tumbo la kuwapokea.

Isidhaniwe kwamba wataalamu wao walikuwa wanakiamini kisa hicho neno kwa neno. Varahamihira, mwandishi wa karne ya 6 ambaye vitabu vyake bado ni nguzo ya elimu hii, anaeleza waziwazi katika Brihat Samhita kwamba mwezi hupatwa kwa kuingia kivulini mwa dunia, na jua hupatwa kwa kuzibwa na mwezi. Alijua. Hata hivyo neno grahana hakulitupa, kama sisi ambavyo hatujalitupa kupatwa ijapokuwa kila mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuchora mchoro wa kivuli.

Sasa njoo kwenye neno lililonifanya niandike makala hii. Kutoka shina lilelile la kushika, Kisanskriti kina neno graha. Ndilo neno kuu la elimu ya nyota ya Kihindi. Ukilikosea hilo, mengine yote yanakaa upande. Graha ni tisa: Surya ambaye ni jua, Chandra ambaye ni mwezi, Mangala, Budha, Guru, Shukra, Shani, kisha Rahu na mwenzake Ketu, yule wa mkia. Na kila ninapokuta maandishi ya Kiswahili yanayogusa habari hizi, graha imeandikwa "sayari".

Neno sayari tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni kitu kiendacho, chenye kwenda bila kutulia. Wagiriki nao waliita mianga hiyo watembezi, kwa sababu nyota nyingine zinakaa mahali pake na hizi zinahamahama. Hilo ni jina la mtu aliyesimama uani usiku baada ya usiku akatazama nini kinakwenda wapi. Graha ni jina la mtu mwingine kabisa: yule ambaye mambo yamemfika. Hajali kama kitu hicho kinatembea. Anachosema ni kwamba kimemshika.

Ushahidi uko hata nje ya elimu ya nyota. Vitabu vya kale vya tiba ya Kihindi, kama Sushruta Samhita, vinaorodhesha graha wanaowavamia watoto wachanga: mtoto anayelia bila sababu, anayekataa ziwa, anayekakamaa, huyo ameshikwa na graha. Hapo hakuna habari ya angani. Ni kile ambacho sisi tunakiita kupagawa. Kwa hiyo jua na mwezi kuwamo katika orodha ya graha si ujinga wa kutojua kwamba jua si sayari, kama anavyodhani msomaji wa tafsiri mbovu. Jua hushika. Mwezi hushika. Rahu na Ketu, ambao hawana hata mwili wa kuonekana kwa darubini, kwa sababu ni nukta mbili tu ambapo njia ya mwezi hukatana na njia ya jua, hao ndio hushika kuliko wote. Ukiandika "sayari tisa" msomaji anahesabu kwa vidole, anaona jua, anaona mwezi, anaona vitu viwili asivyovijua, anafunga kitabu akisema Wahindi wa kale hawakujua kitu. Waliokosa ni sisi tuliomtafsiria.

Mtu wa Moshi atauliza yanamhusu nini haya. Yanamhusu tangu mwaka 1911, reli iliyotoka Tanga ilipofika chini ya mlima na maduka yakafuatia reli. Wahindi waliofungua maduka hayo, wengi wao Wagujarati, walikuja na vitabu vya hesabu, mizani, na kalenda ya anga. Kalenda hiyo inaitwa panchang, yaani viungo vitano: tithi, ambayo ni siku ya mwezi, vara, siku ya juma, nakshatra, mahali mwezi ulipolala, kisha yoga na karana, ambazo ni hesabu za watu wa kazi hiyo na sitawachosha nazo. Ukiingia katika duka la zamani la Mgujarati utakuta pengine maneno mawili yamechorwa juu ya mlango au pembeni mwa picha ya Ganesha: shubh upande huu, labh upande ule. Heri na faida. Wengi wetu tumeyapita maneno hayo tukienda kununua vitenge na sufuria tukidhani ni jina la mwenye duka.

Ni istilahi, hasa. Shubh na labh ni majina mawili katika orodha ya saba inayoitwa choghadiya. Neno hilo ni la Kigujarati na maana yake ni ghadi nne. Ghadi, kwa Kisanskriti ghati, ni dakika 24, na jina lake linatokana na chungu: bakuli la shaba lenye tundu chini liliwekwa lielee juu ya maji, nalo likizama, ghati moja imepita. Mchana mzima, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, hugawanywa mafungu manane, na kila fungu lina bwana na jina kutoka orodha hiyo ya saba: Udveg la jua, Char la Shukra, Labh la Budha, Amrit la mwezi, Kaal la Shani, Shubh la Guru, Rog la Mangala. Rog ni ugonjwa. Kaal ni wakati, na pia ni mauti. Mfanyabiashara anayefungua daftari jipya wakati wa Diwali hulifungua katika fungu la Shubh, Labh au Amrit. Hathubutu kuligusa katika Rog.

Hapa ndipo Moshi inapoingia kwa namna ambayo sijaiona imeandikwa. Mafungu hayo hukatwa kwa urefu wa mchana wenyewe, si kwa saa ya ukutani. Gujarat, ambako mchana wa Desemba ni mfupi na wa Juni ni mrefu, fungu moja linaweza kuwa dakika 80 au likafika 100. Moshi iko nyuzi tatu na kidogo tu kusini mwa ikweta. Mchana wake mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haipishani hata nusu saa. Fungu la choghadiya hapa ni saa moja na nusu mwaka mzima, uchache au wingi wa dakika moja hivi. Mwenye duka wa Moshi anaweza kuweka choghadiya kichwani bila kitabu. Na akihesabu kwa Kiswahili mambo yanakuwa mepesi zaidi, kwa sababu saa zetu huanza na jua kama zao: fungu la kwanza ni kutoka alfajiri inapokwisha hadi kama saa mbili, la pili hadi saa tatu na nusu, na kuendelea. Anayehesabu tangu usiku wa manane, kizungu, lazima ajumlishe na kutoa.

Surya Siddhanta, kitabu kikuu cha hesabu za anga, kina jina la mahali pa namna hiyo. Kinapaita Lanka. Si kisiwa tunachokijua leo. Ni mji wa kufikirika uliowekwa juu ya ikweta kabisa, chini ya mstari mmoja na mji wa Ujjain. Robo ya dunia upande wa magharibi kuna mji mwingine wa kufikirika, Romaka. Lanka ni mahali ambapo usiku na mchana ni sawa daima, ghati 30 kwa 30, na ambapo kigingi kilichosimikwa hakina kivuli adhuhuri ya siku ya mlingano, yaani siku usiku na mchana vinapolingana duniani kote. Hesabu zote huanzia huko, kisha fundi hurekebisha kwa ajili ya mji wake. Ili kufanya hivyo husimika kigingi cha angula 12, yaani upana wa vidole 12, hungoja adhuhuri ya mlingano, hupima kivuli. Ujjain kivuli ni angula tano na ushei. Simika kigingi hichohicho Moshi: kivuli hakitimizi hata angula moja, na tena kinalala upande wa kusini, kinyume na vitabu vyote vinavyotarajia. Kati ya Lanka na Romaka, Moshi ni jirani wa karibu zaidi wa Lanka, mji ule usiokuwapo.

Ila kuna jambo moja ambalo ujirani huo umelipoteza. Maagizo ya kale ya harusi yanataka bwana harusi, jua likishazama, amwonyeshe bibi harusi nyota mbili: Arundhati, ile ndogo iliyojibanza karibu na mwenzake katika mkia wa Dubu Mkubwa, na Dhruva, nyota ya ncha ya kaskazini. Dhruva maana yake ni imara, isiyotikisika. Bibi anatakiwa awe hivyo nyumbani mwake. Kutoka Moshi, Arundhati huonekana vizuri majira ya Mei na Juni, juu ya mlima. Dhruva haionekani, wala haitaonekana. Iko chini ya upeo. Na kaskazini kabisa ya mji, kilomita kama 30 kwa mstari, pamesimama Kibo. Kijana anayenyoosha kidole mahali vitabu vilipomwambia ananyoosha kidole kwenye mita 5,895 za mwamba na barafu. Mbele yake kuna kitu imara kuliko nyota yoyote, na sicho alichoambiwa akionyeshe.

Niseme pia kuhusu neno lagna, kwa sababu harusi yenyewe inaitwa hivyo. Kwa Kigujarati lagna, au lagan, ni ndoa. Katika vitabu, lagna ni kile kipande cha anga kinachogusana na upeo wa mashariki dakika fulani. Shina lake ni kushikamana, kunasa. Anayezaliwa huandikiwa lagna yake, na anayeoa huchaguliwa lagna ya kuolea, na kwa kuwa saa ile ilikuwa ndiyo shughuli nzima, saa ikaipa shughuli jina. Waarabu walikiita kipande hicho kwa neno la kuchomoza. Mimi napendekeza tuseme chomozo: chomozo la mtoto huyu ni Nge. Ni neno lililotumika kwa jua tangu zamani, halihitaji maelezo.

Nge, Kaa, Simba: majina ya buruji tunayo tayari, kutoka falaki ya pwani na kutoka safu za magazeti ambazo marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, alizifanya zisomwe na watu wasiosoma kingine chochote gazetini. Lakini yana mitego. Ile tunayoiita Mashuke, Wahindi wanaiita Kanya, yaani msichana. Inaonekana kama wamezungumzia vitu viwili tofauti mpaka usome maelezo ya Varahamihira: ni msichana ndani ya mtumbwi, ameshika moto na masuke ya nafaka. Wahindi wamechukua mwenye mkono, sisi kupitia Waarabu tumechukua kilichomo mkononi. Vivyo hivyo na Mshale, ambao wao ni Dhanus, upinde; na Ndoo, ambayo wao ni Kumbha, mtungi. Mbuzi ndiye mkorofi kabisa, maana wao wana Makara, mnyama wa majini mwenye uso wa paa. Humwiti huyo mbuzi mbele ya Mhindi ukaeleweka.

Mtego mkubwa zaidi haumo katika majina. Wahindi hupima buruji kwa kuzifuata nyota zenyewe, Wazungu na magazeti yetu huzipima kwa kufuata majira, na pande hizo mbili zimekwisha kuachana kwa nyuzi kama 24. Ndiyo maana Uttarayan, sikukuu ya jua kurudi kaskazini, Wagujarati wanairushia tiara tarehe 14 Januari ilhali jua liligeuka tangu Desemba 21 au 22. Na ndiyo maana aliyesoma gazetini kwamba nyota yake ni Simba, akienda kwa pandit, mtaalamu wa Kihindi, huenda akaambiwa ni Kaa. Hakuna aliyemdanganya.

Kuna pia mtego wa maneno yanayofanana kwa sauti tu. Simba kwanza. Kuna mazungumzo ya vijiweni yanayopenda kuonyesha kwamba simba wetu na simha wa Kisanskriti ni neno moja. Si neno moja. Simba ni Mbantu halisi. Simha alikuja kwa njia nyingine, akavaa kilemba: ndiye Singh wa mafundi Kalasinga, ambao Waswahili tuliwaita pia Singasinga, simba mara mbili bila kujua. Na Meru wa vitabu vya Kihindi, mlima ulio kwenye ncha ya dunia ambako miungu huona jua miezi sita mfululizo, hauna undugu na Meru wa Arusha, mita 4,566, ambao siku ya anga safi unauona kutoka Moshi upande wa machweo. Sauti zimekutana, damu hazikukutana. Rahu naye hana raha yoyote, nikiruhusiwa utani.

Undugu wa kweli uko penginepo, tena umekaa jikoni. Sukari ilianza safari kama sharkara. Sukari guru ni maneno mawili ya Kisanskriti yaliyopotezana njiani yakakutana tena katika chungu kimoja. Guru hiyo ni guda, maji ya miwa yaliyochemshwa, si guru mwalimu wala Guru graha. Laki ya fedha ni laksha. Chandarua, tunalolala chini yake tukikimbia mbu wa Arusha Chini, ni chandarvo la Kigujarati, na ndani yake kuna chandra, mwezi.

Kisha kuna undugu wa njia ya tatu, ambao ndio unaonifurahisha kuliko yote. Kupiga ramli tumekupata kwa Waarabu. Raml kwao ni mchanga. Wahindi nao walikupata hukohuko, wakakuandikia vitabu vya Kisanskriti kwa jina ramala. Mwaka 1587 Nilakantha aliandika kitabu cha utabiri wa mwaka kwa mwaka kiitwacho Tajikanilakanthi, na istilahi zake zimejaa Kiarabu kilichovishwa dhoti: ikkavala ni iqbal. Shina la neno hilo ni lilelile la kibali, neno linalosikika kila Jumapili katika makanisa ya Moshi muumini anapoombewa kibali mbele ya watu. Pandit na mchungaji, kila mmoja ameshika ncha moja ya uzi na hawajuani.

Kabla ya Kiarabu kulikuwa na Kigiriki. Hora, jina la tawi zima la elimu hii linalohusu bahati ya mtu na lililomo katika jina la kitabu mashuhuri Brihat Parashara Hora Shastra, ni neno la Kigiriki la saa. Kendra, nyumba nne za pembeni katika mchoro wa kuzaliwa, ni kentron. Varahamihira anaorodhesha majina ya Kigiriki ya buruji bila aibu: Kriya, Tavuri, Jituma, Leya. Anataja pia maelezo kwamba hora ni neno ahoratra, usiku na mchana, lililokatwa kichwa na mkia likabaki hora. Si kweli, lakini ni uongo mzuri wa mpenda maneno. Anayekopa hutamani kugundua kwamba alichokopa kilikuwa chake. Na kuhusu Wagiriki wenyewe anasema kwamba ni watu wa nje, wasio na utaratibu wa dini, ila kwa kuwa elimu hii imesimama imara kwao, wanaheshimiwa kama marishi, yaani wenye hekima watakatifu. Sijui baraza la istilahi lililowahi kukiri deni kwa adabu kuliko hiyo.

Safari ya kurudi nayo ilikuwa na ajali zake. Katika miaka ya 770 ujumbe wa Wahindi ulifika Baghdad kwa Khalifa al-Mansur na kitabu cha siddhanta, na al-Fazari akakigeuza Kiarabu. Siddhanta ikawa Sindhind. Mji wa Ujjain ukaandikwa Uzain. Baadaye nukta moja ikadondoka, z ikawa r, na wanajiografia wakabaki na mji uitwao Arin, kuba la dunia, ambao haujawahi kuwa na mkazi hata mmoja. Nukta moja tu. Nalisema hili kwa wanaochapa kamusi.

Turudi kwa mwezi, maana kuna neno pale ambalo Kiswahili kinaweza kulifanya vizuri kuliko Kiarabu. Nakshatra ni vipande 27 vya njia ya mwezi, kimoja kwa kila usiku. Waarabu wana 28, nao huviita manzili, mahali pa kushukia msafiri. Ni tafsiri nzuri, lakini kisa cha Kihindi kinasema jingine. Nakshatra ni mabinti 27 wa Daksha, wote wameolewa na mwezi. Mwezi alitakiwa kulala kwa kila mmoja usiku wake. Akampenda Rohini, akawa haondoki kwake. Wale wengine wakaenda kushtaki kwa baba, baba akamlaani mkwe akonde hadi afe, kisha akaombwa akapunguza laana: anakonda nusu ya mwezi, ananenepa nusu. Mswahili anayesoma kisa hicho hahitaji manzili. Anajua jina la kosa la mwezi: hakufuata zamu. Krittika ana zamu yake, Rohini ana zamu yake. Zamu ndiyo nakshatra, na sielewi kwa nini twende mbali.

Zamu hizo ndizo zinazoamua graha gani aanze kumshika mtu. Mfumo unaotumika sana huupa uhai wa binadamu miaka 120 na kuugawa kwa graha tisa: Shukra hushika miaka 20, Shani 19, Rahu 18, jua sita tu. Aliyezaliwa mwezi ukiwa kwa Krittika huanzia mkononi mwa jua. Sikiliza vitenzi vyenyewe: hushika, huachia, hukabidhi. Ukitia "sayari" katika sentensi hizo, sarufi inakubali lakini maana inakataa.

Na Krittika tunamjua. Ni Kilimia, lile kundi la nyota. Katika orodha za kale ndiye wa kwanza, na andiko moja la Veda, Shatapatha Brahmana, linasema kwamba hatoki mashariki kamwe, yaani huchomoza mashariki kamili. Tangu wakati huo anga imesogea. Leo kutoka mjini Moshi Kilimia huchomoza upande wa Marangu. Waarabu wanamwita Thuraya, jina zuri kwa mtoto wa kike. Lakini Kilimia ni jina lililozaliwa na jembe, na ndugu zake wameenea hadi kwa Waxhosa wanaosema isiLimela. Huzama katika mwanga wa jua wakati wa masika, huibuka alfajiri ya Juni mvua zimekwisha, na wakati wa vuli hupanda jioni. Mungu wa Krittika kwa Wahindi ni Agni, moto. Kwamba jirani yake hapa chini ni mji uitwao Moshi ni bahati tu, sijengi hoja juu yake.

Sasa hukumu yangu, kwa yeyote atakayetafsiri vitabu hivi. Krittika aandikwe Kilimia. Nakshatra iwe zamu ya mwezi, lagna iwe chomozo, grahana iwe kupatwa kama ilivyo. Kwa graha nilijaribu kutafuta. Mshikaji ndilo neno sahihi kabisa na ndilo lisilowezekana, kwa kuwa mtaani mshikaji ni rafiki, na Shani si mshikaji wa mtu. Mkamataji anaingiza polisi. Kipagazi kinanoga, kutokana na kupagaa, lakini kinamtupa jua upande wa mapepo peke yake, naye ana mema yake. Basi ibaki graha, iingie ngeli ya i-/zi-, graha hii, graha hizi, na mwenye kuiandika aeleze mara moja tu, ukurasa wa kwanza, kwamba ni kile kinachopata jua jua linapopatwa. Sayari tumwachie mwalimu wa jiografia.

Ombi langu ni kwa wasomaji wa Kibosho, Machame, Vunjo na Rombo. Wazee wenu walipanda na kuvuna kwa kutazama nyota hizihizi, na kila upande wa mlima una Kichaga chake. Waulizeni Kilimia wanakiitaje na kilikuwa kikiwaambia wafanye nini shambani, muandike jina, kijiji na maelezo, mpeleke BAKITA au chuo kilicho karibu nanyi. Na mwenye neno bora kuliko graha alilete.